Rangi kali ya p53 si kinga imara: soma jeni kwanza

Usizipange hizo slaidi. Umeandika kwamba una vipande vya saratani ya mapafu vya wavutaji na wasiovuta sigara, kwamba umevipaka kingamwili (kishikio kinachoifuata protini fulani na kuionyesha kwa rangi ya kahawia) ya p53, protini inayolinda seli zisigeuke saratani, na kwamba vilivyoshika kahawia kali utaviita "kinga imara" na visivyoshika utaviita "kinga dhaifu". Kisha ukauliza ni kipimo gani cha takwimu kinachofaa kulinganisha makundi hayo, na kama tishu za watu wenye makovu ya mapafu zinaweza kuwa kundi la ulinganisho. Nilisoma nikahisi kifua kinabana, maana huo ndio uliokuwa mpango wa tasnifu yangu, karibu neno kwa neno, na ulinigharimu miaka miwili.

Kosa limo katika neno "imara". Protini ya p53 iliyo nzima haidumu katika seli tulivu: huishi dakika chache tu, kwa sababu yenyewe huiwasha jeni ya MDM2, na protini ya MDM2 huirudia p53 na kuitia alama ya kuvunjwa. Jeni ya TP53, inayotoa maagizo ya kutengeneza p53, inapopata badiliko linalogeuza amino asidi moja (kijenzi kimoja cha protini) katika sehemu inayoshika DNA, protini yake mara nyingi hushindwa kuiwasha MDM2 ipasavyo, ikakosa kuvunjwa, ikarundikana katika kiini cha seli. Ile rangi kali inayojaza karibu kila kiini cha uvimbe, basi, kwa kawaida ni dalili ya mlinzi aliyeharibika, si ya mlinzi aliye kazini. Upande wa pili nako kuna mtego: badiliko likiikata protini mapema, au jeni ikifutika, kingamwili haipati cha kushika na slaidi hubaki bila kahawia. Makundi yako mawili yanaweza kuwa yamebeba hitilafu ileile, na jeni nzima ikawa katika vile vipande vyenye viini vichache vya rangi hafifu hapa na pale, ambavyo mimi niliviita "wastani" na kuvipuuza. Kingamwili ya DO-7, inayotumika sana, hushika p53 nzima na iliyobadilika bila kubagua.

Mimi nilipaka sampuli 68. Wagonjwa niliowaandika kuwa na kinga imara hawakuishi muda mrefu kuliko wengine, na badala ya kuniambia nisimame, msimamizi wangu alinielekeza niandike kwamba uvimbe "uliizidi nguvu" p53, nami nikajaza sura nzima kwa maelezo hayo. Mtahini wa nje aliuliza swali moja tu: mfuatano wa jeni, yaani herufi zake za DNA zilizosomwa moja baada ya nyingine, uko wapi? Niliporudi maabara kuutafuta, vipande vingi vya nta vilivyohifadhi tishu vilikuwa vimekwisha kwa kukatwakatwa, na katika vilivyosalia DNA ilikuwa imeharibiwa mno na formalini, dawa ya kuhifadhia tishu. Sura tatu ziliondolewa.

Simsamehe kwa urahisi mwalimu wa kozi fupi aliyetuonyesha mchoro wa p53 wenye maneno "mlinzi wa jenomu" (yaani wa DNA yote ya seli) na kutuambia kwamba rangi ikizidi ulinzi umezidi. Mtu anayefundisha kusoma slaidi ana wajibu wa kujua kinachoonekana katika slaidi hizo. Wala asije mtu hapa kusema kwamba ni kosa la wanagenzi. p53 ilipogunduliwa mwaka 1979 ilidhaniwa kuwa inachochea saratani, kwa kuwa nakala zilizotumika maabara zilikuwa zimekwisha kubadilika, na haikuhesabiwa kuwa jeni ya kuzuia uvimbe hadi mwaka 1989. Jeni iliyowacheza shere magwiji kwa miaka kumi haiwezi kushindwa na mwanafunzi aliyepewa mafunzo mabovu.

Tishu za makovu ndizo zitakazokupoteza zaidi. Katika ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo, p53 huweza kupanda katika seli za vifuko vya hewa huku jeni ikiwa nzima, kwa sababu seli zimejeruhiwa, na kupanda huko huzisukuma kwenye uzee wa mapema. Kahawia ileile, maana tofauti kabisa.

Na kama ni sigara unayoitafuta, imo katika mfuatano. Benzopirini, kemikali ya moshi, hung'ang'ania gwanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, katika kodoni (vikundi vya herufi tatu tatu za jeni) kama 157, 248 na 273, na katika uvimbe wa wavutaji gwanini hizo mara nyingi hugeuka kuwa thaimini, herufi nyingine. Alama hiyo hakuna rangi itakayokuonyesha.

Kwa hiyo leo, kabla ya kukata kipande kingine cha kupaka rangi, kata vya kutolea DNA kutoka katika kila sampuli, uvitenge. Usikubali kusomewa eksoni (sehemu za jeni zenye maagizo ya protini) 5 hadi 8 peke yake kwa sababu ndimo mabadiliko mengi yalimo, kwani mabadiliko yanayoikata protini hupatikana pia nje ya hapo: dai eksoni 2 hadi 11, na slaidi zikae kwenye sanduku hadi majibu hayo yarudi.