Jibu: Pampu ya bwawa la bustani kuziba majani na kunyonya viluwiluwi

Pole ndugu, umesema pampu inaziba majani kila mara na viluwiluwi, yaani watoto wa chura, wanavutwa ndani, hiyo inatibika kabisa. Kwanza itoe kwenye tope iweke juu ya tofali, maana uchafu mwingi unalala chini. Halafu itie ndani ya kreti ya plastiki yenye matundu, kreti yenyewe uizungushie wavu wa plastiki, kati ya pampu na kreti jaza kokoto zilizooshwa. Kreti iwe kubwa, hapo ndo penyewe, maana maji yanaingia taratibu kutoka pande zote na mvuto unakuwa mdogo hata kiluwiluwi akigusa wavu anaogelea anaondoka zake, ila ukifunga wavu pale pale kwenye mdomo wa pampu atanasa, na jani moja tu linaziba. Matundu ya wavu yasiwe madogo kupita kiasi, yakiziba pampu inakosa maji inachemka mpaka inaungua. Viluwiluwi wakiwa bado wadogo sana mi ningeongeza sponji kwenye mdomo wa pampu, na ukiisuuza tumia maji ya bwawa, ya bomba yenye klorini yanaua bakteria wazuri wanaosafisha maji. Na tafadhali sana chomoa umeme kabla hujatia mkono majini.