Barua za mfumo wetu zinaishia kwenye barua taka

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo. Tangu tuanze kutumia programu ya mtandaoni inayowatumia wanachama taarifa za marejesho kwa anwani ya chama chetu, wengi wenye Gmail wanalalamika kwamba wanazikuta kwenye folda ya barua taka, ilhali barua ninazoandika mwenyewe ofisini zinafika vizuri. Kampuni iliyotuuzia programu inasisitiza kwamba SPF imepita. Tatizo liko wapi?
Katibu, Morogoro

JIBU: Ndugu Katibu, kampuni imesema kweli, lakini ukweli huo hauwasaidii. Kila barua pepe hubeba anwani mbili za mtumaji: moja ni ile anayoiona mwanachama, na nyingine hubaki nyuma ya pazia, ambayo seva huitumia kurudishia barua iliyoshindwa kufika. SPF, yaani orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa fulani (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), hukaguliwa kwa anwani hiyo ya pili, na programu nyingi huweka hapo kikoa chao wenyewe. DMARC, yaani kanuni ambayo mwenye kikoa huiweka kueleza barua zisizothibitika zifanyiwe nini, haitosheki na hilo: inataka SPF au DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa) ipite kwa kikoa kilekile kinachoonekana kwa msomaji, au walau kikoa kidogo kilicho chini yake.

Jihakikishieni wenyewe. Mwombeni mwanachama mmoja afungue barua hiyo kwenye kompyuta, abonyeze nukta tatu zilizo pembeni na kuitazama barua katika umbo lake ghafi. Mkikuta spf=pass, na karibu yake smtp.mailfrom yenye kikoa cha kampuni, halafu dmarc=fail, mmeshapata chanzo. Mstari wa dmarc usipoonekana kabisa, huenda kikoa chenu hakina rekodi hiyo.

Dawa ni DKIM, ile saini ya kidijitali. Kampuni itengeneze jozi ya funguo kwa ajili yenu: ule wa siri ubaki kwenye seva zao, na ule wa hadharani muuweke kwenye DNS ya kikoa chenu, yaani daftari la hadharani la rekodi za kikoa, chini ya jina lenye neno _domainkey. Kila programu ipewe jina lake la ufunguo, ili mkiachana na kampuni moja mfute rekodi yake tu bila kugusa nyingine. Kampuni isiyoweza kutia saini kwa kikoa cha mteja wake, kwa maoni yangu, haistahili kukabidhiwa taarifa za mikopo ya watu.

Mkiona haja ya kuigusa SPF, msiongeze rekodi ya pili. Kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu. Zikiwa mbili ukaguzi wote huharibika, na hapo hata barua za ofisini zitaanza kupata shida. Anzeni DMARC kwa p=none, yaani bila kuzuia barua yoyote, mkiambatanisha anwani ya kupokelea ripoti, kisha zisomeni kwa wiki kadhaa, kwa sababu mara nyingi ndizo zinazofichua programu nyingine iliyounganishwa zamani na kusahaulika. Anayekimbilia p=reject, yaani barua zisizothibitika zikataliwe, kabla ya hapo huweza kuzizuia risiti zake mwenyewe.

Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail wawe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja. Pengine chama chenu hakifiki huko, lakini hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM.

SWALI: Nina msaidizi wa akili unde anayejibu barua ndani ya sanduku langu la Gmail. Je, naye anahitaji rekodi hizo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, maadamu anatuma kupitia akaunti yako, kwani barua hutoka kwenye seva za Google na kupata saini kama zako nyingine. Ukaguzi huu huthibitisha kikoa, wala hautambui ni nani aliyeandika, hivyo akituma upuuzi utapita vilevile. Usimpe nywila yako. Mruhusu kupitia ukurasa wa idhini wa akaunti, kwani idhini hiyo unaweza kuifuta wakati wowote, na programu ikiwa na chaguo la kuandaa rasimu pekee, chagua hilo na ubonyeze kitufe cha kutuma wewe mwenyewe.