Gitaa, laptopu na ampi isiyoonekana: ushauri kwa anayeanza kurekodi nyumbani Nairobi

Karibu kila kijana anayenijia kutaka ushauri kuhusu kurekodi gitaa nyumbani huanza na swali moja: ni programu gani ya kuiga ampi, yaani kikuza sauti cha gitaa, iliyo bora kuliko zote? Nami niliwahi kulibeba swali hilo kwa mwaka mzima, nikiwa na laptopu ya mitumba, gitaa la pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja na chumba kimoja cha kupanga mtaani Umoja, ambako ukuta uliopo kati yangu na jirani hauruhusu ampi halisi kufunguliwa hata kwa robo ya nguvu zake. Katika mwaka huo nilipakua ampi za bure na za majaribio zaidi ya thelathini, nikimaliza bando baada ya bando, na kila rekodi ilitoka na ukali ule ule, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mzee mmoja aliyepiga gitaa la solo katika bendi za hotelini kwa miaka mingi alizisikiliza rekodi zangu hadi mwisho bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, hili gitaa limetokea kwenye spika gani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu halikuwa limepitia spika yoyote. Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja, na ndilo ninalotaka kukueleza hapa: namna gitaa linavyoingia kwenye tarakilishi, na spika linamotokea, huamua sauti yako kuliko jina la ampi iliyo katikati.

Nianze na kuingia. Pikapu za gitaa la umeme ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na umeme unaotoka humo ni dhaifu, hivyo zinahitaji kupokewa na tundu lenye ukinzani mkubwa, takriban megaomu 1. Tundu la kawaida la mixa au la kinanda lina ukinzani wa kiloomu 10 hivi, nalo huzielemea pikapu, likameza zile sauti za juu ambazo mpigaji wa benga au rumba huzitegemea ili gitaa lake lisikike juu ya besi na ngoma. Kwa hiyo unaponunua kadi ya sauti ya nje, ile inayounganishwa kwa USB, hakikisha ina tundu lenye picha ya gitaa au maandishi Hi-Z au Inst, na kama kuna kitufe cha kuchagua, kibonyeze. Vipo viunganishi vya bei ya chini vinavyochomeka gitaa moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Nilianza na kimoja nilichokinunua barabara ya Luthuli, na ninakusihi usipitie njia hiyo, kwa sababu tundu hilo halikutengenezwa kwa ajili ya pikapu na hakuna programu itakayorudisha kilichopotea hapo.

Likishaingia, liingie kwa kiasi. Wengi tuliozoea mixa za kanisani tuna tabia ya kupandisha sauti hadi taa nyekundu ikaribie kuwaka, tukidhani kwamba sauti kubwa ndiyo safi. Rekodi ya biti 24 ina nafasi ya kutosha sana, na ukipiga kwa nguvu zako zote huku kilele kikiishia karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, hutapoteza chochote. Lipo na jambo kubwa zaidi ambalo halisemwi mara nyingi. Programu ya kuiga ampi huisoma namba inayoingia kana kwamba ni volti zinazotoka kwenye gitaa, na ukiifikishia namba kubwa kupita kiasi, ampi iliyowekwa iwe safi itaanza kukwaruza, nawe utailaumu ampi. Baadhi ya watengenezaji huandika katika maelezo yao kiwango cha ingizo walichokikusudia. Yatafute na uyafuate. Pasipo maelezo hayo, mimi huanza kitufe cha kadi kikiwa chini kabisa, kisha nasikiliza.

Jambo la tatu la mlangoni ni mvumo. Stima yetu hutembea kwa hezi 50, na pikapu za koili moja huunasa mtikisiko huo kutoka kwenye nyaya za ukutani, chaja, taa na friji. Soketi nyingi za nyumba za kupanga, na nyaya nyingi za kuongezea, hazina ardhi ya kweli hata kama zina matundu matatu. Jaribu kugeuka ukiwa umekaa na gitaa hadi upate upande ambao mvumo unapungua, kaa mbali na laptopu kadiri waya unavyoruhusu, na uchomoe chaja unaporekodi. Nimewahi kupata rekodi safi kuliko zote nilizowahi kurekodi chumbani humo siku ambayo stima ilipotea mtaa mzima: kadi ya sauti hula umeme wa laptopu kupitia USB, betri ilikuwa imejaa, na ghafla kila kitu kilichokuwa kikivuma kilinyamaza. Mwenye ampi ya valvu angekaa gizani akingoja. Mimi nilirekodi sehemu mbili za gitaa kabla taa hazijarudi. Kwa hiyo itunze betri ya laptopu yako, na kama imechoka, nunua nyingine kabla hujanunua plagini yoyote, yaani programu ndogo ya ampi au athari inayofunguka ndani ya programu ya kurekodia.

Kucheleweshwa kwa sauti kumewakatisha tamaa wanafunzi wengi kuliko kasoro nyingine yoyote, ilhali tiba yake ni hesabu ndogo. Tarakilishi hukusanya sauti katika mafungu, yanayoitwa bafa, kabla ya kuishughulikia. Kwa kasi ya hezi 44,100, yaani vipimo 44,100 vya sauti, au sampuli, kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 huchukua milisekunde 23 na zaidi, nayo hurudiwa wakati wa kutoka, ilhali bafa ya sampuli 128 huchukua milisekunde 3 hivi. Sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3 na nusu kutoka kwenye ampi yako, umbali ambao mpigaji wa jukwaani ameuzoea. Zikifika 40, vidole huanza kuisubiri sauti na mwendo wa wimbo hulegea. Katika benga, ambamo gitaa hukimbizana na besi bila kupumua, huwezi kupiga hivyo. Kwenye Windows, tumia draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti kwa njia fupi kati ya kadi na programu ya kurekodia) iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi yako, zima Wi-Fi wakati wa kurekodi, na uweke mpangilio wa umeme katika nguvu kamili. Rekodi kwa bafa ndogo, kisha ipandishe wakati wa kuchanganya sauti, ambapo kuchelewa hakuna madhara.

Sasa nifike kwenye spika, ambako swali la yule mzee lilinipeleka. Spika ya gitaa ya inchi 12 haifanani na spika ya redio wala ya kanisani. Juu ya hezi 5,000 hivi sauti yake huporomoka kwa kasi, na ule mchubuko wote unaozalishwa na ampi huishia humo, ukabaki ule utamu tunaoufahamu. Ukiondoa spika, kama nilivyofanya bila kujua, unasikia sauti ya umeme mtupu. Ndiyo maana programu hizi huwa na sehemu ya kabati, yaani sanduku la spika, na kabati hilo mara nyingi ni faili ya IR: mtu alipitisha sauti ya kipimo katika spika halisi, akaweka maikrofoni mbele yake, akahifadhi namna kabati hilo linavyoitikia katika faili fupi isiyofika hata sekunde moja. Programu huchukua gitaa lako na kulipitisha katika mwitikio huo. Faili hiyo, basi, imebeba spika, mbao za kabati, maikrofoni na mahali ilipowekwa. Maikrofoni ikielekezwa katikati ya koni, sauti hung'aa. Ikisogezwa pembeni, hupoa na kuwa nzito.

Fanya jaribio hili kabla ya kutafuta ampi nyingine. Rekodi mistari minne ya wimbo unaoujua vizuri, chagua ampi moja safi, usiiguse tena, kisha badilisha faili za kabati kumi, moja baada ya nyingine. Baadaye shikilia kabati moja na ubadilishe ampi kumi zilizowekwa safi. Utasikia kwa masikio yako ni mabadiliko yapi yaliyo makubwa zaidi. Unapofanya hivyo, sawazisha ukubwa wa sauti, kwa kuwa sikio hudhani kwamba iliyo kubwa kidogo ndiyo nzuri. Jihadhari pia na kabati mara mbili. Katika Neural Amp Modeler, programu ya bure ambayo watu huigizia ampi zao kwa kuzifundisha tarakilishi, baadhi ya nakala ni za ampi peke yake na nyingine zimechukuliwa pamoja na spika yake. Ukiweka IR juu ya nakala iliyo na spika tayari, gitaa litafunikwa kama na blanketi. Soma maelezo ya kila nakala. Kumbuka pia kwamba nakala ya kawaida huikamata ampi ikiwa imewekwa kwa namna moja tu, na kwamba kama laptopu yako ni ya zamani, zipo nakala nyepesi zilizofunzwa kwa ukubwa mdogo ambazo hazitaichosha.

Kuhusu ampi zenyewe, nitasema jambo moja ambalo mpigaji wa Nairobi anapaswa kulifahamu mapema. Mipangilio mingi inayokuja na programu hizi, iwe ni AmpliTube, Guitar Rig au nyinginezo, imetengenezwa kwa ajili ya roki na metali, na hufunguka ikiwa imejaa mkwaruzo na mwangwi. Gitaa la benga limechukua mengi kutoka kwenye nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho kila mguso wake husikika peke yake, na omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, vilevile hutegemea vidole vinavyotenganisha besi na sauti za juu. Muziki huu unahitaji ampi safi yenye nafasi. Anza na mfano wowote wa Fender Twin Reverb, ampi iliyotoka mwaka 1963, au Roland JC-120 ya mwaka 1975, ambayo ni ya transista na ina korasi yake yenyewe, ile athari inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi. Zote mbili zina spika mbili za inchi 12, na karibu kila programu ina nakala zake chini ya majina yaliyofichwafichwa. Zima athari zote zilizokuja nazo, punguza besi kidogo ili kumpisha mpiga besi, na ukae na ampi hiyo kwa miezi mitatu.

Programu ya kurekodia nitaipitia haraka, kwa kuwa hapo makosa ni machache. Mwenye Mac ana GarageBand bila malipo, na inamtosha. Kwa Windows na Linux napendekeza Reaper, ambayo ni nyepesi kwa laptopu ya mitumba, hukupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Kadi nyingi za sauti huja na toleo dogo la programu fulani, na hilo pia linafaa. Programu zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwenye flashi mjini uziepuke. Nilipoteza kazi ya kwaya ya wiki tatu kwa sababu ya virusi vilivyokuja na moja yake, na kazi hiyo haikuwa yangu peke yangu.

Athari ziwekwe kwa mpango. Kompresa iende kabla ya ampi, kwa kiasi kidogo, ili nyuzi za chini na za juu zisikike sawa. Korasi ije baada ya kompresa. Dilei, yaani marudio ya sauti, na mwangwi ziwe za mwisho, na dilei ihesabiwe kulingana na mwendo wa wimbo. Mwangwi uongezwe wakati wa kuchanganya sauti, wakati vyombo vyote vipo, kwa sababu gitaa linalosikika kavu likiwa peke yake mara nyingi linatosha kabisa ndani ya bendi.

Juu ya yote, hifadhi gitaa likiwa tupu, kabla ya ampi. Reaper na programu nyinginezo hufanya hivyo zenyewe plagini ikiwekwa juu ya traki badala ya kwenye ingizo, na faili hiyo tupu unaweza kuipitisha katika ampi na kabati lolote hata baada ya miaka. Ninaandika kando ya kila faili tarehe, pikapu niliyotumia na mahali kitufe cha kadi kilipokuwa. Mwaka jana kwaya moja iliomba wimbo wake wa zamani utengenezwe upya, na mwimbaji wa sauti ya tatu alikuwa amehama, gitaa nililolipigia nilikuwa nimeliuza, na ile laptopu ilikuwa imekufa. Nilifungua faili tupu, nikaacha ampi ile ile, nikabadilisha kabati, na gitaa likakaa mahali pake.