Mawe yameonekana kwenye mfuko wa nyongo, vipimo vya ini ni vya kawaida: maana yake nini?

Ndugu uliyeniuliza kuhusu majibu haya ya vipimo vyako, usiyaone kuwa yanapingana. Altrasaundi imeonyesha kuwa mawe yamo ndani ya mfuko wa nyongo, na vipimo vya ini kuwa vya kawaida kunaashiria kwamba, siku ulipopimwa, huenda hayakuwa yameziba mrija unaopitisha nyongo kutoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Angalia pia unene wa ukuta wa mfuko: ukizidi milimita 3, daktari hufikiria kwamba mfuko umevimba. Kwa kuwa maumivu hukujia chini ya mbavu za kulia baada ya vyakula vya mafuta, muone daktari wa upasuaji mjadili kuuondoa mfuko huo. Dawa za kienyeji za "kuyeyusha mawe" mimi sizishauri. Ukipata homa, macho ya manjano au maumivu yasiyokoma kwa saa kadhaa, nenda hospitali mara moja.