Safu ya 0 na 1: kipimo gani kitumike?

SWALI: Nina orodha ya wateja 1,200 wa ving'amuzi. Aliyeacha kulipia ndani ya miezi sita nimemwekea 1, aliyebaki 0. Walioacha ni 90. Ninao umri, mkoa, kifurushi, na kama mteja aliwahi kulalamika. Mwenzangu anasema nipige rigresheni ya kawaida kwenye Excel, yaishe. Ni sawa?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Si sawa. Rigresheni ya kawaida huchora mstari ulionyooka, nao haujui kwamba uwezekano unaishia 0 na 1. Utakuta mteja mmoja amepewa 1.2 na mwingine hasi 0.1, namba zisizo na maana yoyote.

Anza na jedwali la visanduku vinne. Tuseme waliolalamika ni 300 na 45 kati yao wameacha. Wasiolalamika ni 900, nao wameacha 45. Hiyo ni asilimia 15 kwa 5. Kupima kama tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu, jaribio la kai mraba linatosha, mradi idadi inayotarajiwa (ambayo ungeipata kama kulalamika na kuacha havihusiani, siyo uliyoihesabu) isipungue 5 katika kila kisanduku. Kwako kilicho kidogo kuliko vyote ni 300 × 90 ÷ 1,200, yaani 22.5. Kingeshuka chini ya 5, ungetumia jaribio la Fisher, linalofaa idadi ndogo.

Ila huenda wanaolalamika ndio haohao wa kifurushi cha bei ya chini. Kutenganisha hayo kunahitaji rigresheni ya lojistiki, ambayo makadirio yake hubaki kati ya 0 na 1. Excel haina kitufe chake; kwenye R, programu ya takwimu, ni amri ya glm yenye family = binomial. Usirundike vigeu (umri, mkoa, kifurushi na kadhalika). Kanuni ya mkono ni walioacha 10 kwa kila kigeu, na hapa ndipo wengi huteleza: hesabu inatoka kwenye 90, siyo 1,200. Una nafasi tisa, na mikoa sita peke yake inakula tano, maana mmoja hubaki wa kulinganishia.

Ukiweka malalamiko peke yake, programu itakupa 1.21. Pandisha e (2.718) kwa kipeo cha 1.21 upate 3.35. Usiandike kwamba waliolalamika wana uwezekano wa kuacha mara 3.35, hiyo ni mara 3 (15 kwa 5). Ile 3.35 inalinganisha walioacha kwa waliobaki: 45 kwa 255 na 45 kwa 855. Walioacha wakiwa wachache namba hizi mbili hukaribiana. Wakifika nusu ya wateja, huachana mbali.

Usishangilie usahihi wa asilimia 92.5 pia. Anayesema "hakuna atakayeacha" anaupata bila kompyuta. Angalia kati ya wale 90 umewanasa wangapi. Na safu iliyojazwa baada ya mteja kuondoka, kama simu ya kumbembeleza arudi, itoe kabisa.

SWALI: Niliwauliza wateja 500 walewale kama wameridhika, kabla na baada ya ofa. Kai mraba inafaa?

JIBU: Haifai, maana majibu ni ya mtu yuleyule mara mbili. Tumia jaribio la McNemar, linalotazama waliobadilika tu. Wakiwa 40 wamehamia "ndiyo" na 22 wamehamia "hapana", tofauti ni 18 na jumla ni 62, hivyo 18 × 18 ÷ 62 ni 5.23, imepita 3.84, kikomo ambacho bahati tu hukivuka mara 5 kati ya 100. Kama ni ofa iliyowabadilisha, hilo litahitaji kundi jingine ambalo halikupewa ofa.