Kabla ya kununua skana mpya, tazama picha za vifurushi vilivyoshindwa kusomeka

Kwa miaka kadhaa nimesimamia mtambo wa kuchambua vifurushi, ambao husoma msimbopau, au barkodi kama wengi tunavyouita, na kupima ukubwa na uzito wa kila mzigo ukiwa bado unatembea juu ya konveya, yaani mkanda unaobeba mizigo. Wenzangu wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue kamera ya aina gani idadi ya vifurushi visivyosomeka inapopanda. Huwajibu kwamba wasinunue chochote kabla ya kutazama, kwa macho yao wenyewe, picha za vifurushi mia moja vya mwisho vilivyoshindwa kusomeka.

Mimi mwenyewe nilichelewa kufanya hivyo. Tuliwahi kuongeza taa, kusogeza kamera na kuita fundi, na hali haikubadilika hata kidogo. Nilipozifungua picha moja baada ya nyingine, niliona kwenye lebo nyingi uzi mwembamba mweupe, mahali pale pale, uliofuta mstari mmoja mweusi wa msimbo. Kwenye kichwa cha printa yetu, ambayo huchapa kwa joto, nukta moja ya kupashia joto ilikuwa imeungua. Mistari ya msimbo ikichapwa kufuata uelekeo ambao karatasi inatokea, nukta moja iliyokufa hufuta mstari mzima, na msimbo hausomeki tena. Ikichapwa kukingama na uelekeo huo, nukta ile ile huacha mkwaruzo unaoikata mistari yote sehemu moja tu, na skana husoma pembeni yake bila shida. Kwa hiyo, pale lebo inaporuhusu, chapa kwa kukingama, na safisha kichwa cha printa kila unapobadilisha roli.

Picha hizo zitakuonyesha pia utepe unaong'aa uliobandikwa juu ya lebo, lebo iliyokunjwa kwenye kona ya sanduku, na msimbo uliosongwa na maandishi. Nafasi nyeupe pembeni si pambo: kwa msimbopau wa aina ya Code 128, kila upande unahitaji nafasi isiyopungua mara 10 ya upana wa mstari ulio mwembamba kuliko yote.

Linalonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni kifurushi kilichosomwa kimakosa. Kisichosomeka huenda kwenye mlango wa kukataliwa na mtu akakishughulikia, lakini kilichopewa msimbo wa jirani yake husafiri hadi mji usio wake bila yeyote kushtuka. Konveya ikitembea mita 2 kwa sekunde, sanduku la sentimeta 40 hupita mbele ya sensa kwa sekunde 0.2 tu, na masanduku mawili yakigusana, mtambo huyaona kuwa mzigo mmoja mrefu. Tumia mikanda miwili inayofuatana, wa mbele ukienda kwa kasi kuliko wa nyuma, ili mizigo iachane kabla ya kufika kwenye kamera. Vilevile, iagize programu ikubali misimbo yenye muundo unaoutarajia pekee, kwa mfano namba za SSCC, yaani namba za kutambulisha kila mzigo unaosafirishwa, zenye tarakimu 18 ambazo ya mwisho ni ya uhakiki, kwa sababu masanduku yanayotumika tena hubeba lebo za zamani ambazo hakuna aliyejali kuzibandua.

Kuhusu vipimo, kumbuka kwamba vinageuka kuwa fedha ya mteja. Sanduku la sentimeta 60 kwa 40 kwa 40, kwa kigawanyo cha 5000 kinachotumiwa na wasafirishaji wengi wa vifurushi vya haraka, lina uzito wa ujazo (ujazo wake ukigawanywa kwa kigawanyo hicho) wa kilo 19.2, lakini kimo kikisomwa 45 kwa sababu ya mfuniko uliofutuka, zinakuwa kilo 21.6. Plastiki nyeusi inayong'aa na mifuko laini ndiyo mizigo inayovisumbua zaidi vifaa vya leza, nami nisingependa mteja alipishwe kwa kipimo cha namna hiyo kabla mtu hajakihakiki.

Kuna wakati masanduku yetu yalianza kupimwa mafupi kuliko yalivyo. Leza haikuwa na kosa. Gurudumu dogo linalogusa mkanda na kuhesabu mwendo wake lilikuwa limechakaa na lilikuwa linateleza, hivyo mtambo uliamini kwamba mkanda umetembea kidogo kuliko ulivyotembea. Tangu hapo tuna sanduku la mbao ambalo vipimo vyake tunavijua, na kila zamu inapoanza tunalipitisha mara tatu: likiwa limenyooka, likiwa limekaa mshazari, na likiwa kwenye ukingo wa mkanda. La mshazari ndilo lenye kufichua mengi, kwa kuwa hapo mtambo hulazimika kukokotoa pande za sanduku badala ya kuzisoma moja kwa moja. Matokeo tunayaandika kwenye daftari lililo kando ya konveya, na majibu yakitofautiana kwa zaidi ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, hatuanzi kazi hadi gurudumu na lenzi vikaguliwe.