Epithelia ya mapafu na ya ngozi: mbona zinatofautiana?
Umeuliza mbona epithelia, yaani tishu ya seli inayofunika mwili na kutanda ndani ya viungo, ya mapafu ina tabaka moja tu na ya ngozi ina mengi. Tazama kazi yake. Kwenye vifuko vya hewa oksijeni inatakiwa kupenya haraka hadi kwenye damu, kwa hiyo seli ni bapa, nyembamba mno. Ngozi inasuguliwa kutwa. Seli za juu zimeshakufa, zimejaa keratini (protini ngumu), zikibanduka za chini zinapanda kushika nafasi.

Ya bomba la hewa huwachanganya wengi: inaonekana na matabaka kadhaa, kumbe ni tabaka moja tu, kwani kila seli imeshika utando wa chini ambao epithelia hukalia.

Ila inayonivutia zaidi ni ya kibofu cha mkojo. Kikiwa kitupu, seli za juu zimetuna. Kikijaa, zinatandazika zikawa bapa na mkojo haupenyi.